Tutamwona kwa Gari Gani?

Gari lilikuwa limeganda kwenye foleni, vituo viwili kabla ya Makumbusho, saa tatu asubuhi imepita kidogo. Dereva alikuwa amefungulia redio na Bunge lilikuwa limeanza, kile kipindi cha maswali na majibu. Hakuna aliyekuwa akisikiliza hasa. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu. Konda alining'inia mlangoni, sarafu zikilia kiganjani.

Kisha likasomwa swali la mjusi, yule dinosaria wa kilima cha Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake iko Berlin.

Nililijua jibu kabla halijatoka redioni, kama mtu anavyojua kiitikio cha wimbo. Kwamba Serikali inatambua umuhimu wa masalia yale. Kwamba kuyasafirisha kutoka Berlin ni kazi ngumu, tena ya gharama. Kwamba lililo bora ni kushirikiana na Wajerumani katika utafiti na kuliendeleza eneo lenyewe la Tendaguru, ili wananchi wa Lindi wanufaike. Mbunge akasimama kwa maswali mawili ya nyongeza. Moja lilikuwa la barabara.

Konda akageuza shingo, akamwambia dereva: "Hata huyo mjusi akirudi, sisi tutamwona kwa gari gani?"

Abiria wakacheka. Kilikuwa kicheko cha asubuhi tu, kisicho na ubaya.

Mimi sikucheka. Nimezaliwa Lindi. Na kwa wiki sita sasa swali lile limekaa nami jikoni, kazini na kitandani kabla usingizi haujaja. Mwanzoni niliona konda ametudhihaki watu wa kusini. Siku zilivyopita nikaanza kuona kwamba katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, redioni na garini, la konda ndilo lililokuwa swali la msingi.

## Mzigo wa baba yake bibi

Bibi mzaa mama alikuwa akituhadithia habari za baba yake, aliyebeba "mawe ya Wajerumani". Alisema mawe, hakusema mifupa. Aliyabeba kichwani kutoka Tendaguru hadi Lindi pwani, siku tatu au nne njiani, akatua mzigo, akapokea ujira, akarudi kufuata mwingine. Bibi hakujua ndani ya ile mizigo mlikuwa na nini, na kwa jinsi alivyosimulia, sidhani kama baba yake aliwahi kuambiwa.

Nilipokua nikasoma, nikajua. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba Tendaguru chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Vita ya Majimaji ilikuwa imekwisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyoifuata ilikuwa bado haijasahaulika majumbani. Kuna msimu ambao vibarua walifika 500. Zaidi ya tani 200 za masalia zilitoka pale, zikafungwa, zikatembezwa vichwani mwa watu, zikapakiwa melini.

Msimamizi wa vibarua wale alikuwa Boheti bin Amrani. Aliona mfupa mahali ambapo wengine waliona udongo, na Waingereza walipokuja kuchimba pale miaka ya 1920 walimtumia yeye yule. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina lenye jina lake ndani. Najua watu wengi wa Lindi waliosoma hadi chuo kikuu ambao hawajawahi kulisikia jina la Boheti. Nalitaja kila nipatapo nafasi.

Mkubwa wa wanyama wale alisimamishwa Berlin mwaka 1937, baada ya miaka mingi ya kuunga mfupa kwa mfupa. Yuko pale hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Kwa hiyo nilikua na neno moja tu: arudishwe. Hasira yangu ilikuwa nyepesi kuibeba kwa sababu haikuwa na swali ndani yake. Arudishwe wapi, aangaliwe na nani, mtoto wa Mipingo, kijiji cha jirani na Tendaguru, au wa Nachingwea amfikie vipi, hayo sikuwahi kujiuliza.

Ilibidi niulizwe na konda.

## Mtu mmoja, wizara nne

Baada ya asubuhi ile nilianza kusoma Hansard. Nilianza na mjusi, nikahamia mwendokasi, nikahamia vivuko, magofu, majengo ya kale, nauli. Nilisoma usiku, mtoto akishalala. Kumbukumbu za Bunge zipo mtandaoni, ni ndefu, na ukishasoma kurasa mia moja lugha yake inaanza kukaa kinywani mwako.

Kama ifuatavyo. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Kadri fedha zitakavyopatikana. Naomba nimhakikishie Mheshimiwa Mbunge. Na ile ninayoipenda kweli, kwa sababu ndani yake namwona mtu: niko tayari, baada ya Bunge hili, kuongozana na Mheshimiwa Mbunge hadi jimboni nikajionee mwenyewe.

Sikusoma ili nimkamate mtu. Kusimama mbele ya Bunge na kujibu swali baada ya swali, kisha ya nyongeza yasiyoandaliwa, ni kazi nisiyoiweza, na wengi wao hujibu kwa adabu na kwa takwimu mkononi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mahali ambapo urithi na usafiri vimekutana ndani ya jibu moja, vikatazamana.

Nimekutana napo mara chache mno.

Nadhani sababu naiona. Swali la Bunge hupelekwa wizarani, na kila wizara ina mipaka yake. Masalia ya Tendaguru ni ya Maliasili na Utalii, kwa kuwa Mambo ya Kale yako huko, pamoja na sheria yake ya mwaka 1964. Barabara za vijijini zinashughulikiwa na TARURA, na TARURA iko TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni ya TANROADS, kwa hiyo ni ya Ujenzi. Leseni ya gari la abiria, njia litakayopita na nauli litakayotoza ni mambo ya LATRA, na LATRA iko chini ya Uchukuzi. Hata mwendokasi, ambao mtu angedhani ni uchukuzi mtupu, kwa miaka mingi maswali yake yamejibiwa na TAMISEMI, kwa sababu wakala wake uliwekwa huko.

Sasa mchukue mtu mmoja anayetaka kutoka Lindi mjini kwenda kuona mahali babu zake walipochimba. Anagawanywa vipande vinne. Waziri mmoja atamjibu kuhusu mifupa, mwingine kuhusu vumbi, mwingine kuhusu lami, mwingine kuhusu nauli. Kila mmoja atakijibu vizuri kipande chake.

Mtu mwenyewe hajajibiwa.

Nililiona hilo usiku mmoja, saa sita imepita, na nikafurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Nikadhani makala imekwisha. Kumbe tatizo langu lilikuwa bado halijaanza.

## Wawili waondoke

Kesho yake nilishuka Makumbusho kama kawaida. Nimeshuka pale kwa miaka isiyopungua kumi. Makonda hulipiga kelele jina lile tangu alfajiri hadi usiku: "Makumbusho, Makumbusho, wawili waondoke!" Kwa wengi wetu ni jina la stendi. Ni mahali pa kubadilishia gari, kununua vocha, kunywa supu umesimama.

Siku ile sikubadilisha gari. Nilikwenda hadi kwenye Kijiji cha Makumbusho, ambacho stendi imechukua jina lake, nikalipa, nikaingia.

Kijiji kile kipo tangu mwaka 1966. Taifa lilikuwa changa, na mtu fulani aliona kwamba nyumba za watu wake, za miti na udongo na nyasi, zinastahili kujengwa upya mahali pamoja ili zitazamwe. Nilitembea kutoka nyumba hadi nyumba. Kwenye msonge wa Wahaya niliwakuta watoto wa shule na mwalimu wao, na mvulana mmoja alikuwa ameingiza mkono ndani ya nyasi hadi kwenye kiwiko, anapima unene wake. "Mwalimu," akauliza, "mvua haipiti kabisa?" Mwalimu akamwambia haipiti. Akautoa mkono taratibu, akaunusa.

Zaidi ya watoto wale na mimi, sikuona mgeni mwingine saa ile.

Mzee aliyekuwa akifagia majani aliniuliza nimetokea wapi. Nikamwambia, hapo stendi. Akacheka kidogo. Akasema wageni wengi huja na magari ya kukodi au na mabasi ya shule. Wa daladala hushuka hapo kila siku, wakapita.

Basi hapo ndipo nilipokwama.

Maana pale gari lipo. Yapo mengi, kutoka kila pembe ya jiji, na makondakta wanaotangaza jina la urithi bila kulipwa kwa kulitangaza. Usafiri umefika mlangoni kabisa mwa kumbukumbu ya Taifa na bado sisi tunapita. Ikiwa konda alikuwa na haki, kwa nini Kijiji cha Makumbusho hakijai?

Niliondoka na hilo likaniuma. Nilikuwa nimefanya kazi Posta miaka minne, dakika chache kwa miguu kutoka Makumbusho ya Taifa, na katika miaka ile yote sikuingia hata mara moja. Mle ndani huhifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Lilipelekwa nje kuchunguzwa, na miaka ya 1960 likarudishwa nyumbani. Yaani mfano wa kitu kilichochukuliwa kikarudi tunao, hapo hapo mjini, na mimi niliyekuwa nikidai mjusi arudi nilikuwa nikipita karibu nao kila siku nikiwahi gari la saa kumi na moja.

Na magari yetu yenyewe yamejaa majina ya mambo ya kale. Posta ya Zamani. Kivukoni. Mwendokasi wa Mbagala unapita Barabara ya Kilwa, na Kilwa Kisiwani imekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikaondolewa humo 2014. Tunakaa juu ya majina haya kila siku.

Kwa siku kadhaa niliiacha makala hii. Sikuwa na cha kusema tena.

## Sikufika

Nilirudi Lindi mwisho wa masika, kwa shughuli za familia, na nikaamua kwamba safari hii nitakwenda Tendaguru. Miaka yote sijawahi. Nikaanzia Mbagala Rangi Tatu alfajiri, basi likaja vizuri, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa kumeshapambazuka. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya mwaka 2003, tulipokuwa tukilala kwenye foleni ya kivuko. Kila nikipita daraja lile nanyamaza kidogo. Barabara ikifika mahali, watu wa pale hubadilika hata namna ya kuongea juu ya kesho.

Nikalala kwa shangazi. Asubuhi nikachukua gari la abiria hadi njia panda, na kutoka hapo bodaboda, kuelekea Mipingo.

Kijana aliyenibeba alikuwa mwangalifu. Alikwenda taratibu, akishuka mara kwa mara kupima udongo kwa mguu kabla ya kupitisha pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulikwenda kitambo kirefu, kisha akasimama chini ya mwembe mmoja, akazima.

"Mama," akasema, "kiangazi nakufikisha. Leo huko mbele ni tope, pikipiki itabaki na sisi tutabaki."

Nikamwambia nitaongeza pesa. Akasema si suala la pesa.

Chini ya mwembe ule alikuwapo mama mmoja mtu mzima, ameketi kwenye khanga, pembeni yake mfuko wa ufuta na mjukuu aliyelala na kichwa mapajani mwake. Mtoto alikuwa na homa. Nilimsalimu, shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha nikae. Alikuwa akisubiri pikipiki ya kumpeleka mtoto hospitali, na kama itakubali, na ufuta nao aushushe njiani. Alikuwa amefika pale tangu saa kumi na mbili.

Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia, kwenye kilima cha mjusi.

"Wazungu hufika," akasema. "Wana magari yao."

Nikamuuliza kama yeye amewahi kufika.

"Mimi nalima huko huko."

Akalisema kama mtu anavyosema jina la mtaa wake. Kisha akauliza kama ile pikipiki yangu inarudi mjini sasa, na kama ina nafasi.

Ilikuwa nayo, maana mimi nilikuwa sifiki. Tuliwapakia yeye na mtoto. Ufuta ukabaki na mimi chini ya mwembe, na nilikaa nao hadi kijana aliporudi kunichukua, jua limeshakwenda upande wa pili.

Saa zile za kukaa peke yangu ndizo zilizoiandika makala hii.

Konda na mimi tulikuwa tukiuliza sisi tutafikaje kule. Watu wa kule hawana haja ya kufika, wamefika tangu babu. Wao wanauliza watatokaje. Njia ni ile ile moja, ila mimi nilikuwa nimeitazama kutoka upande wa mjini, na nadhani hata majibu mengi ya Bunge huitazama kutoka upande huo: barabara ya kufikisha watalii kwenye kivutio. Hata sisi wananchi tukilalamika hulalamika hivyo hivyo. Tunasema barabara itengenezwe ili wageni waje. Mtoto mwenye homa anaingia baadaye, kama faida ya pembeni.

Na hapo hapo nikamkumbuka baba yake bibi.

Mifupa ilitoka. Tani 200 na zaidi zilitoka kwenye kilima kile, na mwaka 1909 hapakuwa na lami wala gari la mizigo la kwenda kule. Zilitoka kwa sababu serikali ya wakati ule na makumbusho yake na meli zake walikubaliana kwamba lazima zitoke, wakaweka fedha, wakaweka watu, wakaweka vichwa vya watu. Kila kipande kilikuwa na njia yake kutoka shimoni hadi Berlin. Hakuna aliyesema swali la mifupa lipelekwe ofisi hii na swali la njia ofisi ile.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mama anayelima juu ya udongo ule ule anasubiri pikipiki kuanzia alfajiri.

Nililia kidogo pale chini ya mwembe. Sioni haya kulisema.

## Ukweli uliomo kwenye jibu

Niseme pia upande wa pili, maana nimekuwa nao kwa siku nyingi.

Jibu la Serikali kuhusu mjusi lina ukweli ndani yake. Yule aliyesimama Berlin hakutoka kwa mnyama mmoja. Ameungwa kutokana na mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na palipopungua pamejazwa kwa viungo vya kuunda. Ni mifupa ya miaka milioni 150 hivi, na haipakiwi kama magunia. Ukiileta inahitaji jengo refu, hewa isiyobadilikabadilika na wataalamu wa kudumu, si wa siku ya uzinduzi. Waziri anayesema hayo hasemi uongo.

Lakini najua pia kwamba jumba lile la Berlin lilipokarabatiwa, mjusi yule alifunguliwa mfupa mmoja mmoja, na mwaka 2007 akasimamishwa upya katika umbo lililosahihishwa. Kwa hiyo anafunguka. Ugumu upo, ila ni ugumu wa aina ambayo watu huamua kuushinda au kutoushinda. Na mwaka 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendeka wakati wa Majimaji. Mlango wa mazungumzo uko wazi kuliko nilivyowahi kuuona utu uzima wangu wote.

Kwa hiyo nimefika wapi? Sijaacha kutaka arudi. Nimeacha kutaka arudi peke yake. Akiletwa leo akawekwa Dar es Salaam, mama wa chini ya mwembe atabaki pale pale, na mimi nitakuwa na kitu kingine cha kupita karibu nacho nikiwahi gari. Akiletwa Lindi bila njia, tutakuwa tumemtoa jumba la watu akaja kukaa mwisho wa barabara.

Na lile swali la Kijiji cha Makumbusho, kwamba gari lipo na watu hawaingii, bado halijanitoka. Sasa hivi nalielewa hivi: daladala inatufikisha stendi, lakini hakuna chochote kwenye safari ile kinachotuambia kwamba pale ni petu. Yule mvulana aliyeingiza mkono kwenye nyasi aliletwa na basi la shule na mwalimu aliyejua jibu. Gari na neno vilikuja pamoja. Nadhani ndicho kinachokosekana, mjini na kwetu pia. Nadhani. Niko tayari kusahihishwa na wasomaji wanaofanya kazi hizi.

## Kwa Waziri wa

Niliporudi Dar es Salaam nilikaa nikaandika swali. Mwananchi hawezi kuuliza bungeni, ila anaweza kumwandikia mbunge, na mimi sijawahi kufanya hivyo maishani. Niliandika kwa lugha ile niliyoizoea kwenye Hansard, ili wasipate shida kulihariri:

"Je, Serikali ina mpango gani wa kuhakikisha kuna usafiri wa abiria wa uhakika, masika na kiangazi, kati ya Lindi mjini na vijiji vinavyozunguka eneo la urithi la Tendaguru, kwa matumizi ya wananchi wanaoishi humo kwanza na ya wageni pia?"

Neno "kwanza" nililifuta mara mbili nikalirudisha.

Juu ya swali huandikwa linaelekezwa kwa Waziri wa nini. Hapo nikaacha nafasi.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu. Ni kijana anayemsaidia mmoja wa wabunge niliowaandikia, mwenye sauti ya heshima. Akanishukuru, akasema Mheshimiwa amelisoma na amelipenda. Kisha akauliza: "Sasa dada, hili tulipeleke wizara gani?"

Nikamwambia zote nne.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia akigeuza karatasi. Akasema swali la kawaida linakwenda wizara moja, kwa hiyo nichague moja na mengine yaingizwe kwenye ya nyongeza, kama nafasi itapatikana. Nikamuuliza kuhusu Alhamisi, kile kipindi cha maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Yeye si wa wizara moja. Yeye anaweza kulishika lote.

"Alhamisi inawezekana," akasema. "Ila la Alhamisi linatakiwa liwe la kisera, dada. Na hili ni la njia ya vijiji vichache."

Hakulisema kwa dharau. Alikuwa ananisaidia kweli, na akanipa hadi Jumatatu nimrudishie.

Leo ni Jumamosi. Mtoto amelala, karatasi iko mezani, na natafuta namna ya kuiandika Mipingo iwe sera.